Tovuti haifunguki: imeharibika, au kuna aliyeifunga?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya biashara ya mahindi na alizeti hapa Kibaigwa. Kuna tovuti niliyozoea kuisoma kila jioni nikishafunga hesabu, watu wanajadili bei, siasa, kila kitu. Sasa haifunguki kwenye simu yangu. Shemeji yangu aliyeko Nairobi anaifungua bila shida. Nimepiga huduma kwa wateja mara tatu. Wa kwanza kasema ni mtandao, wa pili kasema nizime simu niwashe, wa tatu kanyamaza kidogo kisha akasema hilo hawezi kulizungumzia. Vijana wa sokoni wananiambia niweke VPN, ile programu ya kupitia njia ya pembeni. Wengine wanasema ukikutwa nayo ni jela. Naomba unieleze: nitajuaje kama imefungwa na serikali? VPN ni kosa? Na kama imefungwa kweli, mimi mtu wa kawaida nina haki ya kuuliza?"

Jibu: Marahaba, dada. Pole na usumbufu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu maswali yako matatu ni mazito, na kwa sababu najua kile kimya cha kijana wa tatu kinatoka wapi.

Kabla ya kuja kufundisha hapa Dodoma nilikuwa fundi kwenye kampuni moja ya huduma za intaneti. Ijumaa moja jioni, watu wameshaanza kufunga mabegi, bosi wangu alinisogezea barua pepe yenye majina ya tovuti saba na maneno mawili: "fungia, haraka". Nikaandika amri kwenye kompyuta. Haikuchukua dakika kumi. Sikuonyeshwa barua yenye mhuri, sikuambiwa sababu wala mwisho wake ni lini, na mimi sikuuliza. Jumatatu wateja walipoanza kupiga simu, vijana wa huduma kwa wateja walikuja mezani kwangu kuniuliza wawajibu nini. Sikuwa na la kuwaambia. Wakawaambia wateja wazime simu wawashe.

Kwa hiyo nakuomba usimkasirikie yule kijana. Kilichokufanya upige simu mara tatu ni karatasi ya amri ambayo hata yeye hajaiona. Jibu langu lote litarudi kwenye karatasi hiyo, lakini kwanza tuangalie tovuti inafungwaje, maana ukishajua njia unajua pa kupima.

Chukua mzigo wako mwenyewe. Ukitaka kufungua tovuti, simu yako huanza kwa kuuliza njia. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba, kwa hiyo kila mtoa huduma ana daftari la majina na namba zake. Njia rahisi ya kufungia tovuti ni kulifuta jina kwenye daftari hilo, au kuandika namba isiyo yake. Ni sawa na kufika stendi ukaulizia gari la Mpwapwa, mpiga debe akakuambia leo halipo, kumbe limeegeshwa nyuma ya kibanda na injini inanguruma.

Njia ya pili iko barabarani. Siku hizi karibu tovuti zote husafiri zimefunikwa turubai: ile "https" unayoiona mwanzo wa anwani maana yake ni kwamba mtoa huduma hawezi kuona unasoma ukurasa gani. Anachoona ni jina la tovuti unayoiendea, kama afisa wa mizani pale Nala anavyoona namba ya lori na pengine maandishi ya mlangoni, lakini hajui gunia la tisa lina nini. Sasa fikiria afisa huyo ameambiwa kuna gunia moja ndani lina mahindi yenye sumukuvu. Hawezi kulitoa gunia lile. Anachoweza ni kurudisha lori zima. Ndivyo ilivyo kwa tovuti: mwenye mamlaka akichukizwa na ukurasa mmoja, kampuni ya intaneti haina namna ya kuuondoa huo peke yake, inafunga tovuti nzima na kila aliye ndani. Uturuki ilifanya hivyo kwa Wikipedia tarehe 29 Aprili 2017, kwa sababu ya kurasa chache zilizogusa vita vya Syria. Ensaiklopidia nzima ikafungwa, kwa lugha zote, mwanafunzi wa hesabu na mkulima wa nyanya wakafungiwa pamoja, hadi tarehe 15 Januari 2020, baada ya Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo kusema uhuru wa kujieleza umevunjwa.

Tena mafundi tunakosea. Februari 2008 Pakistan ilitaka kuzuia YouTube ndani ya nchi yake tu. Kampuni yao ya simu ikatangaza njia ya uongo ili mizigo ya YouTube ipotelee kwake, lakini tangazo likavuja hadi kwa kampuni za nje, na kwa saa kama mbili YouTube ikapotea kwa watu wengi duniani. Aliyetoa amri alidhani anafunga mlango wa chumba chake.

Njia ya tatu ni kubana. Lori linaruhusiwa kupita, ila kwa mwendo wa kinyonga: maandishi yanakuja, picha inagoma, video inazunguka hadi unakata tamaa. Naichukia kuliko zote, kwa kuwa inafanana kabisa na mtandao mbovu na mtu anamlaumu mtoa huduma au simu yake. Tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya Uchaguzi Mkuu, kampuni ya Twitter yenyewe ilieleza kwamba inaona mtandao wake ukifungwa na kubanwa Tanzania.

Ya nne huhitaji kuelezwa, umeiishi. Kuanzia Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025 nchi nzima ilizimiwa intaneti, ikaanza kurudi Jumatatu tarehe 3 Novemba. Misri walifanya vivyo hivyo Januari 2011. Hapa hakuna daftari wala mizani, barabara yenyewe imeng'olewa. Nilikuwa Nkuhungu siku zile. Jirani yangu, mama wa makamo, alikuja na simu yake mkononi akiniomba nimtengenezee, ana mtoto anasoma Dar na hakuwa amemsikia tangu asubuhi ya uchaguzi. Mimi ndiye "mtu wa mitandao" wa mtaa wetu. Nikamwambia simu yako nzima, mama, kisha tukajaribu kupiga simu ya kawaida mara nyingi hadi ikapokelewa. Katika siku zenye maandamano na vifo, siku ambazo mzazi alihitaji habari kuliko wakati mwingine wowote, ndipo habari zilipokatwa.

Sasa kupima. Kwanza ondoa ubovu wa kawaida, maana upo na ni mkubwa. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora nchi nzima na watu wengi wakaapa kwamba ni serikali. Haikuwa serikali. Mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika huko kusini, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Alama ya mkongo kukatika ni kwamba kila kitu cha nje kinakuwa kizito kwa pamoja. Alama ya kufungiwa ni kwamba kimoja kimekufa na majirani zake wote wazima.

Wewe tayari umefanya kipimo kizuri bila kujua, ulipomuuliza shemeji wa Nairobi. Tovuti inapofunguka kule, seva yake, yaani kompyuta inayoihifadhi, iko hai. Ongeza kingine: jaribu kwa laini ya kampuni tofauti, kisha kwa Wi-Fi ya mtu mwingine. Ikigoma kwa kampuni moja tu, inawezekana ni hitilafu yao. Ikigoma kwa zote, siku ileile, na mitandao mingine inafunguka vizuri, hiyo si bahati mbaya.

Juzi jioni nimeipima hiyo tovuti yako. Nilikaa na kompyuta na simu mbili zenye laini mbili tofauti. Kwenye laini ya kwanza daftari la majina lilinipa namba sahihi, ileile anayoipata mtu aliye nje ya nchi. Kompyuta ikagonga mlango, mlango ukaitika. Lakini mara tu kompyuta yangu ilipotaja jina la tovuti, kabla haijaomba ukurasa wowote, muunganisho ulikatwa. Nikarudia mara kumi, ukakatwa mara kumi, palepale. Kwenye laini ya pili haukukatwa, ila hakuna kilichorudi, duara lilizunguka hadi muda ukaisha. Katikati ya majaribio nilifungua tovuti ya benki, ya gazeti moja la Kenya na ya chuo chetu kwa laini hizohizo, zote zikaja ndani ya sekunde mbili tatu. Seva iliyoharibika haichagui jina la kukasirikia. Hiyo ni mizani, dada. Lori lako linarudishwa njiani.

Ukitaka kipimo ambacho si neno langu tu, kuna programu ya bure inayoitwa OONI Probe, ya mradi uliokuwepo tangu 2012. Unaiweka kwenye simu, inajaribu tovuti nyingi na kuchapisha matokeo hadharani, kila mtu duniani ayaone. Ujue tu kwamba haikufichi: mtoa huduma wako anaweza kuona kwamba umeijaribu tovuti fulani. Soma maelezo yake hadi mwisho kabla ya kubonyeza kukubali.

Hata hivyo vipimo vyangu na vya OONI vina ukomo mmoja. Vinaonyesha kwamba tovuti imezuiwa, na pengine wapi. Haviwezi kuonyesha nani alisaini.

Kwa sheria zetu, mwenye mamlaka ya kusaini anajulikana. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ndiyo mama, na chini yake kuna Kanuni za Maudhui Mtandaoni zinazosimamiwa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni hizo zilikuja kwa kishindo Machi 2018. Mwenye blogu alitakiwa kulipa laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja kila mwaka. Kwa kijana anayeandika habari za Kongwa au Bahi akiwa na simu na bando la wiki, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa anyamaze. Juni mwaka huohuo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, ilijizima kwa siku kadhaa kwa sababu ya leseni. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022 na mzigo wa ada ukapungua. Lakini angalia kitu kimoja kilichoenda kinyume: kanuni za 2018 zilimpa mchapishaji saa 12 kuondoa maudhui anayoambiwa yamekatazwa. Zile za 2020 zikampa saa 2. Saa mbili hazitoshi kumpata wakili. Zinatosha kuogopa na kufuta.

Chini ya utaratibu huu kuna wakati karatasi inaonekana. Tarehe 6 Septemba 2025 TCRA ilitangaza kusimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90, ikisema imechapisha mambo yanayopotosha na kumdhalilisha Rais. Oktoba 2024 iliisimamishia kampuni ya magazeti ya Mwananchi leseni za mtandaoni kwa siku 30 kwa sababu ya video ya katuni iliyochapishwa na gazeti lake la The Citizen. Mimi naona hukumu zote mbili zilikuwa kali kupita kiasi. Jambo linalohusu viongozi wa umma ndilo hasa watu wanapaswa kuruhusiwa kulijadili, hata kwa ukali. Lakini walau pale palikuwa na jina la aliyefunga, sababu na idadi ya siku. Mtu anaweza kusimama na kusema sikubaliani, na akajua anabishana na nani.

Linganisha na X, mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao huo ilidukuliwa, ikachapisha uongo kwamba Rais amefariki, pamoja na picha za ngono. Lilikuwa jambo baya na la hatari, sina ubishi. Siku hiyohiyo X ikaacha kufunguka nchini. Wiki zikapita, ndipo aliyekuwa Waziri wa Habari, Jerry Silaa, alipoeleza kwamba mtandao ule unaruhusu maudhui ya ngono yasiyoendana na sheria na utamaduni wetu. Mimi najiuliza hivi: kama kosa ni akaunti moja kuibiwa, dawa ni kuirudisha ile akaunti. Kama kosa ni ngono, ruhusa ya X kuhusu ngono ilikuwepo kabla ya Mei 20. Mwananchi alipewa sababu baada ya adhabu kuanza, na hakupewa tarehe ya mwisho.

Wewe unajua soko. Kipindupindu kikiingia, bwana afya anafunga vibanda vya chakula, na watu wanalalamika lakini wanaelewa. Kwa nini wanaelewa? Kwa sababu tangazo linabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, lina mhuri, lina tarehe, linataja vibanda gani, na mama lishe aliyefungiwa anajua aende kwa nani akaonyeshe kwamba amechimba choo. Hakuna bwana afya anayekuja usiku akafunga soko zima, mahindi, alizeti na mbuzi, kisha asubuhi ukimuuliza anakuambia zima simu uwashe.

Simaanishi kwamba kila kitu kiachwe wazi. Picha za watoto wanaonyanyaswa kingono zifungwe leo, si kesho. Tovuti za matapeli zinazoiga kurasa za benki ili kuiba namba za siri zifungwe. Nikiwa fundi niliwahi kuzifunga za namna hiyo na nililala vizuri. Ninachokidai ni kwamba anayefunga aseme: ni mimi, kwa kifungu hiki, kwa sababu hii, hadi siku hii, na ukipinga nenda pale. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976 na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu mwaka 1984, na chini ya mikataba hiyo kinachotakiwa ni hicho: zuio liwe la kisheria, liwe na lengo halali, na lisizidi kile kinachohitajika.

Nije kwenye VPN, maana najua ndilo swali la vijana wa sokoni. Makundi yote mawili yana nusu ya ukweli. VPN ni kuupakia mzigo wako ndani ya lori la mtu mwingine lililofunikwa, afisa wa mizani anaona lori lile tu, hajui wewe unakwenda wapi. Benki wanaitumia, wizara pale Mtumba zinaitumia, mhasibu anayefanya kazi akiwa nyumbani anaitumia. Kanuni ya 16 ya zile za 2020 haikutaja VPN kama dhambi yenyewe. Inakataza kutoa, kumiliki au kusambaza zana inayomwezesha mtu kufikia maudhui yaliyokatazwa. Kisha tarehe 13 Oktoba 2023 TCRA ikatoa tangazo: watu na kampuni wanaohitaji VPN kwa shughuli zao wajiandikishe hadi tarehe 30 ya mwezi huo, na ikakumbusha adhabu, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote pamoja. Hivyo basi, VPN ya kazi iliyotolewa taarifa haina shida. VPN ya kuingilia kwenye kilichofungwa ndiyo inayogusa kanuni, na sitakudanganya kwamba haigusi. Nadhani kanuni hiyo ni pana mno. Inamtia hofu mfanyabiashara anayelinda hesabu zake sawasawa na mtu mwenye nia mbaya, na wakati huohuo haimwambii mwananchi orodha ya "kilichokatazwa" iko wapi. Lakini ndiyo iliyopo, na uamuzi ni wako ukiwa na macho wazi.

Kitu kingine kuhusu VPN ambacho hao vijana hawakukuambia: mwenye lori anajua ulikopeleka mzigo. Ile VPN ya bure yenye matangazo mengi, iliyotengenezwa na kampuni usiyoijua, inapata nafasi ya kuona tovuti zote unazotembelea, na nyingine huomba ruhusa za kusoma hadi majina ya watu kwenye simu. Simu yako ndiyo duka lako. Ina laini ya kupokea pesa za mahindi, ina picha za risiti, ina namba za wakulima wa Mlali na Hembahemba. Chonde, usiweke humo kitu cha bure usichojua nani anakilipia.

Na kama ni hofu ya jela, mimi ningeiweka zaidi kwenye kidole kinachosambaza. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo: faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Watu wa kawaida wamefikishwa mahakamani kwa ujumbe wa WhatsApp na maandishi ya Facebook. Kabla ya kusukuma kitu kwenye kundi la wafanyabiashara, hakikisha unajua kimetoka wapi.

Sasa haki yako ya kuuliza. Ipo, na imeandikwa mahali pa juu kabisa. Ibara ya 18 ya Katiba inasema kila mtu anayo haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, anao uhuru wa kufanya mawasiliano na kutoingiliwa katika mawasiliano yake, na anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Soma hiyo sehemu ya mwisho tena: maisha na shughuli. Bei ya gunia ni shughuli. Ibara ya 30 inaruhusu mipaka, lakini mipaka yenyewe iwekwe kwa sheria.

Anza kwa maandishi kwa mtoa huduma wako, acha simu. Kupiga simu kunakuachia hasira tu, barua au barua pepe inakuachia nakala. Waulize mambo mawili yasiyokwepeka: je, mmeizuia tovuti hii kwenye mtandao wenu, na kama ndiyo, kwa amri ya nani ya tarehe ipi. Wasipojibu, TCRA ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma, huna haja ya kwenda Dar, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano ambalo kazi yake ni kusemea watu kama wewe. Upande wa pili, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kama raia kuomba taarifa kwa taasisi ya umma kwa maandishi. Wanaweza kukunyima kwa kutaja usalama wa taifa, na hilo hutokea. Ila kunyimwa kwa maandishi ni karatasi, na wewe hadi leo huna karatasi yoyote. Aliyeumizwa moja kwa moja na uamuzi wa TCRA, kama mwenye tovuti, anaweza kuomba mapitio kisha kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Usimsahau mbunge. Wabunge wengi wa mashariki wanaokuja Dodoma kwa gari wanapita mbele ya soko lenu, na wa kwenu mnamjua. Swali likiulizwa bungeni, waziri analazimika kusimama na kulijibu, na jibu linaingia kwenye Taarifa Rasmi. Nimewaona watu wakidharau njia hii. Mimi siidharau, kwa sababu inamfanya mtu mwenye cheo aseme kwa sauti yake kilichofanyika.

Mahakamani barabara ni ndefu na ina mashimo. Jamii Media, wenye JamiiForums, walipopinga vifungu vya 32 na 38 vya Sheria ya Makosa ya Mtandao, vinavyohusu polisi kudai taarifa za watumiaji, Mahakama Kuu iliwakatalia Machi 2017. Novemba 2019 nchi yetu ilijiondoa kwenye utaratibu ulioruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika pale Arusha, ilhali mahakama yenyewe iko nyumbani kwetu, na hilo linaniuma. Lakini Arusha hiyohiyo kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, na mlango wake haujafungwa: Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Na kule Afrika Magharibi, tarehe 25 Juni 2020 mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za huko, ilisema Togo ilivunja uhuru wa kujieleza ilipozima intaneti wakati wa maandamano ya 2017, ikaamuru walalamikaji walipwe fidia. Waliosimama pale walikuwa mashirika na mwandishi wa habari, watu wenye kumbukumbu za siku na saa.

Nataja siku na saa kwa makusudi. Mahakama ya Afrika Mashariki inampa mlalamikaji miezi 2 tu tangu jambo litendeke au alijue. Asiyeandika tarehe anajikuta miezi imepita akibishana kama tovuti iligoma kabla ya mavuno au baada.

Kwa hiyo nina ombi dogo. Umeniandikia kwamba kila jioni unafunga hesabu, najua basi una daftari la bei. Geuza ukurasa wa nyuma kabisa. Andika jina la tovuti, tarehe uliyoona haifunguki mara ya kwanza, saa, laini uliyotumia, maneno yaliyoonekana kwenye kioo, na yale majibu matatu uliyopewa na huduma kwa wateja, kila moja na siku yake. Piga na picha ya kioo. Kila ukijaribu tena, ongeza mstari. Ukija Dodoma siku ya kuleta mzigo, nipigie, nije na vipimo vyangu vya juzi nivichape, tuviambatanishe na ukurasa huo, tuandike barua ya kwanza pamoja.